Mizigo ya Askari

Fort Worth, 12 Februari 2006

Shemeji yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Mguu wako unaendeleaje na mvua hizi za huko Uvira? Sisi hapa tu wazima. Mimi bado niko ghalani, kutwa nzima napanga viatu kwenye maboksi, narudi vidole vinanuka gundi. Nilisikia mama mkwe ameanza tena kula vizuri; nilifurahi hadi nikaimba jikoni.

Leo nakuandikia kwa ajili ya Baraka. Anamaliza shule mwaka huu, na anataka kuingia jeshi la huku. Wenye kuandikisha askari walifika shuleni kwao, wakamwambia akitumikia atapata uraia mapema. Sasa mwalimu wa historia naye anawafundisha habari za Warumi wa kale, basi kijana wetu amezichanganya hizo mbili zikawa moja.

"Mama," akaniambia juzi tukila, "Warumi walichukua wageni jeshini. Watu wa mbali kabisa! Wanalinda mipaka miaka ishirini na tano, kisha wanakuwa raia, wao na watoto wao. Wanaandikiwa kwenye bamba la shaba."

"Hao si ndio waliomsulubisha Yesu?"

"Ah, Mama! Si wote."

"Na aliyekufa mwaka wa ishirini?"

Akaacha kutafuna. "Huyo sijui. Nitamuuliza mwalimu."

"Muulize. Miaka ishirini na tano! Msichana gani atakungoja?"

Akacheka. Huku ni miaka michache tu, akasema, usi-worry. Kisha akainuka kunionyesha. Anasema majeshi ya Warumi yalikuwa yanafuatwa na punda wengi, mpaka jemadari mmoja akaamuru kila askari abebe vyake: nafaka, sufuria, sururu, miti ya kujengea boma. Akafunga sufuria yangu kwenye mti wa fagio, akajitwika mfuko wa mchele begani, akapiga kwata kutoka jikoni hadi mlangoni.

"Ndiyo maana walishinda, Mama. Hawakumtegemea mtu!"

Nilicheka sana. Halafu akageuka pale mlangoni, shingo imelala upande chini ya ule mfuko, nikamwona mdogo wako. Unakumbuka alivyokuwa akilaza shingo kushoto, hata akibeba kikapu kitupu? Tulimtania kwa hilo siku ya harusi yetu.

Nikamwambia atue mzigo.

"Mwanangu, hao Warumi hawakubeba vyao siku zote. Kanisani tunasoma kwamba askari akikukuta njiani, aliweza kukulazimisha ubebe mzigo wake maili moja. Yesu akasema nenda naye mbili. Baba yako alikwenda zaidi ya hizo mbili, na hakurudi."

Baraka alijua tu kwamba baba yake alikufa wakati wa vita. Alidhani ni risasi. Alikaa chini, mfuko kati ya miguu.

"Walimbebesha nini?" akauliza.

Hilo unalijua wewe, Shemeji. Mimi sikuwako. Ulikuwa naye wewe, na wewe askari wakakuacha kwa sababu ya mguu. Miaka yote hii sikukuuliza, maana niliona unavyotazama kando jina lake likitajwa. Sikukulaumu wakati ule, wala leo sikulaumu. Lakini mtoto anangoja, nami nimemwambia Baba Mkubwa anajua.

Atakupigia Jumapili ya mwisho ya Machi, baada ya ibada, kwa ile simu ya dukani. Mwambie yote uliyoyaona: walikuwa askari wa nani, walimtwika nini, kama alisema neno, walishika njia ipi. Usimfiche kwa kumhurumia. Wala usimwambie aingie jeshini au asiingie. Nimeliombea sana jambo hilo, nimeona ni lake mwenyewe. Nataka tu, siku atakapokutana na mtu njiani, yeye Baraka akiwa na bunduki mkononi, awe amekwisha kumjua baba yake.

Nisalimie mama mkwe, umwambie kitenge chake bado nakivaa. Salamu kwa mke wako, na kwa mchungaji aliyetufungisha ndoa. Jioni mnapokaa kusali, mtukumbuke mimi na Baraka.

Ni mimi shemeji yako,
Mama Baraka