Dakika Nne za Giza

Gumbo,
Juba.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Jacinta,

Pokea salamu zangu kutoka huku ng'ambo ya daraja. U hali gani? Mwanao Cheryl yuko kidato cha ngapi sasa, na kile kifua kilichokuwa kikimbana kimepona? Natumaini mvua ya Kitale imewaachia mahindi ya kutosha. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi. Miguu imevimba, usingizi naupata nikiwa nimeketi, na daktari ameacha kuniandikia dawa mpya. Leo ni siku ya tatu naiandika barua hii, kwa sababu nachoka upesi, na kwa sababu nyingine utakayoiona.

Ua wetu, hosh ile ile, haujabadilika: vyumba vinne, mpapai, na zile ngazi za saruji zinazoshuka hadi kwenye tangi la maji. Ila jenereta tumeiuza. Siku hizi juu ya ngazi kuna taa ya sola, inajiwasha yenyewe giza likiingia.

Unaukumbuka wazimu wangu wa nyota. Nilipostaafu kufundisha jiografia nilipata kamera kuukuu, na kaka yako Marvin akaniletea kutoka Nairobi kile kimota kinachoizungusha polepole kufuata nyota, ili lenzi ikae wazi dakika nne na nyota zibaki nukta, zisivutike. Wewe ndiwe uliyenibebea meza na blanketi kila mbingu zilipotakata. Mama yako mdogo Teresina, Mungu amrehemu, alitucheka sote wawili. "Jacinta, mpelekee na mto," alikuwa akisema, "baba yako ameoa mke mwingine huko juu."

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka miaka minne.

Usiku ule wa Agosti 2021 mvua ilikuwa imeosha vumbi lote. Mwezi haukuwepo. Kundinyota la Nge lilikuwa limesimama kusini, juu ya ngazi kabisa, na Njia ya Maziwa imemwagika nyuma yake. Kilichoniharibia ni ile balbu ya ngazini. Nilikuomba uzime jenereta mapema, ukaniambia mama bado anachota maji. Yeye mwenyewe akanijibu kutoka jikoni kwamba nyota zilikuwepo kabla ya babu yangu, basi zitangoja hadi saa nne, saa ya kuzima.

Lakini mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Nimule. Ulipoingia kuoga, nilikwenda nyuma ya nyumba nikabonyeza swichi ya jenereta mimi mwenyewe, nikarudi kwenye kamera. Nilijua Teresina yuko nje na ndoo. Siwezi kuandika kwamba sikujua.

Yaliyofuata unayajua, maana uliyabeba wewe. Teresina aliporomoka ngazini gizani, nyonga ikavunjika. Asubuhi Marvin alikuuliza mbele ya watu wote kwa nini ulizima, maana mafuta yalikuwa yamejaa kwenye jenereta.

"Sikuzima mimi," ulisema.

"Kwani ilijizima?"

Ukanitazama. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikanywa. Wiki mbili baadaye ulipanda basi kurudi Kenya, na ukoo mzima ukajua kwamba Jacinta alizima taa mapema ili akalale.

Mama yako mdogo aliishi miaka miwili kwenye kile kiti. Nilimwogesha mwenyewe kila asubuhi, na watu wa kanisa wakanisifu kwa hilo. Hakukulaumu hata siku moja. Alisema kazi zilikuwa nyingi, msichana alichoka. Mimi niliendelea kumsugua mgongo. Alikufa akiwa amekusamehe wewe kosa langu.

Ningeweza kuishia hapo, na hapo tayari ni pabaya. Lakini kuna lingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko moyo wangu mbovu.

Nilimsikia alipoanguka. Aliniita, "Gerishon, taal!" Unajua alivyorudi kwenye Kiarabu cha nyumbani kwao kila alipoumia. Lenzi ilikuwa na dakika moja tu tangu ifunguke. Mbao za baraza nilikoiweka kamera hutikisika mtu akipiga hatua, na picha ingeharibika. Nikabaki nimesimama, nikaendelea kuhesabu sekunde. Akaniita tena njoo, na tena. Nilihesabu hadi mwisho, nikafunga lenzi, ndipo nikaja, nikijifanya natoka chooni.

Picha ile ndiyo iliyotundikwa sebuleni. Wageni waliisifu, na padri aliomba nakala. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimeikata sehemu ya chini.

Alhamisi niliwaita wanangu Marvin na Daisy nikawaambia yote haya. Daisy alilia. Marvin aliishusha picha ukutani, akaigeuza, akatoka. Tangu siku hiyo ananiletea uji, anauweka mezani, anaondoka. Sina la kumdai. Amesema atakupigia simu mwenyewe, na atakaloona la kukuambia ni lake. Watakapokuita kwenye mazishi yangu, usije kwa ajili ya heshima. Ukikaa kwako, hakuna atakayekusema tena. Nimewaachia maneno hayo.

Wasalimie Cheryl na mama yako. Daisy anakusalimu sana. Barua hii ataileta Kizza, yule dereva wetu wa zamani, ambaye bado anakwenda hadi Busia. Pamoja nayo utapata picha yenyewe. Nimeichapisha upya kwenye studio ya Hai Mauna, safari hii nzima, bila kukatwa.

Usiangalie nyota. Angalia chini. Mtu akipita kwenye picha ya dakika nne haonekani, taa yake tu ndiyo inayoacha alama. Utaona mstari mweupe unaotoka kwenye mlango wa bafu, unapinda kwenye mpapai, unashuka moja kwa moja hadi ngazini. Ni tochi yako, Jacinta, ulipokuwa unakimbia na povu kichwani.

Mstari mwingine, wangu, haupo. Nimetafuta.

Mungu akulinde wewe na mtoto, akurudishie jina lako ningali hai nione.

Mimi baba yako mdogo, ninayekupenda na kukuonea haya,

Gerishon