Kikohozi cha Jumamosi

Baba yangu,

Nimekuombea dua kwanza, ndipo nikashika kalamu. Najua karatasi hii haina wa kuipeleka huko uliko. Lakini nina neno ambalo sina mwengine wa kumwambia, na neno lenyewe linakuhusu wewe.

Nianze na mkeo, Bi Zuhura. Tangu ulipomuoa, baada ya mama kufariki, sikumpenda. Wewe ulilijua hilo ukalinyamazia. Ulipoanza kuumwa kifua, kutompenda kwangu kukageuka kitu chengine. Nikaanza kumchunga.

Unakumbuka ilivyokuwa. Ijumaa hufungui kibanda cha magodoro. Unavaa kanzu, unakwenda msikitini, unarudi, unakula, unakaa barazani na watu wa mtaa wetu wa Mlandege ukicheka kama mtu mzima wa afya. Jumamosi unarudi kwenye kazi yako, unapasua magodoro makuukuu, unazipiga pamba kwa fimbo mpaka zifumuke, na ikifika alasiri pumzi zimekubana, umeshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Jumapili afadhali kidogo. Jumatatu afadhali zaidi. Jumamosi ya pili, yale yale.

Na mimi nikawa naziangalia siku. Ijumaa ndiyo siku Bi Zuhura alipokupikia kwa mkono wake, asitake msaada wangu jikoni, na baada ya chakula akakupa kikombe cha dawa ya kifua. Nikajiambia: anakula Ijumaa, anaumwa Jumamosi. Nitafute nini tena?

Na zama zenyewe, Baba, zilinifunza kushuku. Watu walizungumza huku wakiangalia nyuma. Jirani akipita, maneno yanakatika. Mtu ukimuuliza nduguye yuko wapi, anakujibu habari za mvua. Nilikulia humo. Kwangu mimi kila anyamazaye alikuwa na lake, na Bi Zuhura alikuwa mtu wa kunyamaza.

Hili hukulijua: niliiba dawa yake. Niliimimina kwenye kichupa, nikakificha ndani ya buibui, nikampelekea bwana mmoja wa maabara pale hospitali, maana nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kusomea uuguzi. Akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akacheka. "Tangawizi, asali, habbasoda. Nletee na mie, nna mafua." Unadhani nilitulia? Nikaulizia kwao bwana huyo ni wapi. Nikaambiwa Mangapwani. Na Bi Zuhura naye kwao Mangapwani. Basi nikaona ni wao kwa wao, wanafichana.

Kisha ukafa, Baba. Jumamosi. Nani tena angeniambia siye yeye nikamsikia?

Siku ya hitima yako, nyumba imejaa wanawake, Bi Zuhura amekaa kwenye mkeka na nguo zake za eda, nilisimama mbele yake nikasema kwa sauti: "Ulimpa nini baba yangu?" Shangazi akanivuta mkono. Bi Zuhura alinitazama tu, akasema, "Mungu anajua, Salma." Sikusikia dua humo. Nilisikia mtu aliyekiri. Eda ilipokwisha kaka zake wakaja kumchukua. Alitoka na sanduku moja, na hakuna aliyemsindikiza hata mpaka njiani.

Mwaka uliofuata, darasani, mwalimu wetu alileta mapafu ya ng'ombe kutoka sokoni, kwenye beseni. Alitia mrija wa mpira kwenye bomba la hewa, akapuliza. Yakainuka, Baba, yakavimba kama unga wa maandazi ulioumuka. Akatufanya tujipapase shingoni tuzisikie zile pete ngumu za bomba letu wenyewe. Akatuonyesha linavyogawika mara mbili, kisha matawi, na vijitawi, mpaka kwenye vifuko vidogo kuliko punje ya mtama. Humo, akasema, ndimo damu inamochukua hewa safi na kuiacha ile chafu. Akasema puani mna nywele za kuzuia vumbi, na njiani mna ute na vijinywele vingine vinavyolifagia kulirudisha juu. "Lakini vumbi la kila siku, miaka na miaka, huo ufagio unachoka."

Mimi naandika tu. Pumu: njia zinakaza. Kichomi: vifuko vinajaa maji na usaha. Kifua kikuu. Kisha akasema, "Wapo na watu wa pamba. Hao utawajua kwa siku. Akipumzika, siku ya kurudi kazini ndiyo kifua humbana zaidi."

Nikanyoosha mkono. "Na akipumzika Ijumaa?"

Akanitazama. "Basi Jumamosi."

Nikakuona, Baba. Nikaziona pamba kwenye nyusi zako, zile nilizokuwa nikikutoa moja moja nilipokuwa mdogo, nikikwambia umezeeka leo, na wewe unafumba macho unangoja nimalize.

Sikwenda kwa Bi Zuhura siku ile. Hata wakati huo niliendelea kushuku. Nilisema labda ni pamba, labda ni pamba na yeye pia. Ilinichukua wiki tatu. Nikapika mkate wa kumimina kwa sukari niliyoipangia foleni, nikaenda Mangapwani.

Alikuwa uani anapepeta mchele. "Shikamoo, Bi Zuhura." Akaitika, "Marahaba." Hakunikaribisha kukaa. Nikamwambia yote ya darasani nikiwa nimesimama. Aliposikia pamba, aliweka ungo chini.

"Nlikuwa nnajua," akasema. "Daktari alimwambia aache kazi ile. Baba yako akanshika mkono, akanambia, usimwambie Salma, ataacha masomo aje kunilisha. Nkamuahidi."

"Hata siku ile ya hitima?"

"Siku ile ndo ilikuwa ngumu zaidi."

Baba. Niliwashuku watu wote isipokuwa wewe. Mkeo, bwana wa maabara, kaka zake; hata paka alipokufa kwa jirani nilidhani ameramba dawa yako. Na kumbe mwenye kuficha ulikuwa wewe. Kila Jumamosi ulifungua kibanda hali unajua. Nimekukasirikia siku nyingi, kisha nalia, kisha nakukasirikia tena. Ungenambia. Ningeacha masomo, kweli. Lakini ungenambia.

Nikampa Bi Zuhura mkate. Aliufunua, akautazama, akanirudishia.

"Onja wewe kwanza."

Nikamega, nikala mbele yake. Alingoja nimalize, akangoja na baada ya hapo, macho yake usoni pangu. Ndipo akamega kidogo, pembeni kabisa.

Kibanda nimekifunga, pamba nimezifukia. Nitamaliza masomo yangu, hilo usihofu. Na kila mwezi nikipata ruhusa nitakwenda Mangapwani. Nitapika, na nitaonja mimi kwanza, hata ikiwa miaka, mpaka siku atakayonyoosha mkono bila ya kuningoja.

Mungu akupe nafasi, Baba, uvute pumzi kwa raha huko.

Mwanao,
Salma