Mkanda wa Kiti Kitupu

Malindi, Jumanne

Kwako dada yangu Raihana,

Nakusalimu. Nazi zako zimefika salama, na goti langu limepoa.

Uliniomba nimkataze Widad kurusha ndege peke yake, kwa kuwa bahari ilikwisha kumchukua kaka yake. Mwanzoni sikukubali, maana bintiyo huzunguka uwanja vizuri na kutua bila kunitazama. Lakini jana, palepale baharini ilipoanguka ndege ya kaka yake Faiz, alichelewa kugeuka.

"Mbona hugeuki?"

"Nampisha kaka, mjomba. Yuko mbele yetu, anatua."

Nilitazama, nikaona mbingu tupu. Nikamwambia uchovu huo.

Leo asubuhi nilishuka ili aruke peke yake. Mwalimu akishuka, hufunga mkanda wa kiti chake, usije ukanasa usukani. Nikazunguka nyuma ya ndege kukagua mkia, kisha nikarudi kuufunga. Nikaukuta umefungwa, tena umekazwa kwa kiuno chembamba kuliko changu.

"Umeufunga wewe?"

"Sikuugusa. Muache akae, mjomba."

Nikazima injini, nikamteremsha. Ombi lako nimelitimiza. Atalia kwako, usimkubalie kurudi.

Mkanda sijaufungua.

Nduguyo,
Abdulhadi