Mstari wa Bluu Kwenye Simu ya Shemeji Yako

Kwako Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi ulichonieleza kimekwisha kukuachia, na kwamba wajukuu wanakutii angalau nusu ya walivyokuwa wakimtii marehemu shemeji. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako ni mzima, mwanao aliye ng'ambo ni mzima, nami sukari yangu imeshuka. Umeniuliza mara mbili kwa nini siandiki. Nitakujibu, lakini kwa utaratibu wangu, maana unajua siwezi kuanza habari katikati.

Mtaa tuliohamia baada ya shemeji yako kustaafu uhandisi una nyumba mia nne za rangi moja, ukuta unaouzunguka wote, na lango moja. Watu wake wameshikwa na ugonjwa wa kukimbia. Wapo wanaokimbia kabla ya kunawa uso. Kamati ya wakimbiaji, ambayo mwenyekiti wake ni daktari wa meno, imechora njia tatu na kuzipaka alama kwenye mawe ya ukingo wa barabara. Njia ya kijani huzunguka uwanja wa watoto. Ya manjano hushuka hadi kwenye nyumba ya pampu ya maji, kisha hupanda kwa ngazi ambazo aliyezijenga hakuwa na magoti. Ya bluu hufuata ukuta kwa ndani, kilomita tatu, nayo hukimbiwa mara mbili. Unaanza langoni na unaishia langoni. Nimeifuata njia hiyo kwa miezi mitano, na sijawahi kuona upande wa pili wa ukuta ila pale mlinzi anapofungulia gari.

Daktari aliposema nitembee kila siku, shemeji yako hakulilalia neno hilo. Alimwagiza mwanao saa ya mkononi inayohesabu hatua na mapigo ya moyo, na inayochora kwenye simu yake mstari wa bluu kila ninapopita. Alinifunga mwenyewe, kwa upole, akauliza kama imenibana. Nilisema haijanibana. Kila alfajiri alikaa barazani na simu yake na chai yake, akanitazama nikizunguka. Nikisimama kufunga kamba ya kiatu, simu yangu inalia: umesimama, bibie, kuna nini? Nikipita upande wa pili wa barabara kumkwepa mbwa, anataka kujua nimemwona nani. Nikirudi, ananisimulia nilikokuwa. Nisikufiche, Dada, hajawahi kuninyanyulia sauti. Angekuwa mkali ningejua pa kumshika. Mtu mwema ni kama ukuta uliopakwa chokaa vizuri: huoni mahali pa kuanzia kubomoa.

Kwenye nyumba ya pembeni, karibu na pampu, anaishi muuguzi wa miaka thelathini na minne ambaye mtaa mzima humwita Swala. Hukimbia kila alfajiri kabla ya zamu, hana saa, hana simu, hana habari na kamati. Siku moja alinikuta nimekaa kwenye ngazi zile, simu inalia mfukoni nami siipokei. Aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni shemeji yako anauliza kwa nini mstari umesimama. Akacheka hadi akashika ukuta, akasema: Mwalimu, kwani mstari una sura? Lete hiyo saa niuzungushe mimi. Nilidhani ni mzaha. Kisha nikajiona nafungua mkanda.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa wiki sita. Saa kumi na mbili kasoro nilifika nyumbani kwake, nikamvisha saa na kuificha chini ya mkono wa fulana yake, nikampa na simu yangu aizime mlio. Aliporudi nilivaa saa yangu, nikanawa uso kwa maji ili nionekane nimetoka jasho, nikaenda nyumbani. Nilikuwa wapi wakati huo nitakueleza mbele. Hakuna aliyetugundua. Watu wa mtaa huu hawamtazami mtu, hutazama mstari wake.

Kosa letu lilikuwa moja. Nilimwomba Swala aende polepole, kama mwanamke wa miaka hamsini na minane. Aliahidi, akajaribu siku mbili, kisha akasema miguu yake haina adabu, ikiona mteremko haimsikilizi. Mimi njia ya bluu ilinichukua dakika sitini na mbili. Yeye aliimaliza kwa thelathini na nne. Shemeji yako aliyaona maendeleo hayo akadhani ni dawa. Alichora chati na kuibandika kwenye friji. Alimpigia mwanao. Mwisho akampelekea mwenyekiti tarakimu zote, naye akazisoma mbele ya kamati, akatangaza kwamba mwalimu mstaafu wa nyumba namba tisini na moja ana moyo wa msichana. Hapo hakukosea hata kidogo.

Kwa hiyo walinipanga katika mbio za mtaa za Jumamosi iliyopita, mstari wa mbele, na namba moja kifuani. Swala alinishauri niteguke mguu Ijumaa. Alisema ana bandeji na ana mashahidi. Nilikataa. Miaka thelathini na moja niliwachapa watoto wa watu kwa kunakiliana, na kwa wiki sita nilikuwa nimewasilisha kazi ya mwenzangu kwa jina langu. Nikasema nitaikimbia mwenyewe, na liwe liwalo.

Nilikuwa wa mwisho, Dada. Si wa mwisho wa kukaribiana na wenzake. Mzunguko wa kwanza walinipita wazee, wa pili akanipita mama mmoja anayesukuma mtoto kwenye kigari, akaniambia pole bibi kwa heshima zote. Nilipofika langoni walikuwa wamekwisha kugawa zawadi na wanakunja meza. Mwenyekiti aliniambia kila mwanariadha ana siku yake mbaya. Shemeji yako alinipokea kwa taulo. Alikuwa ameshika simu, na uso wake ulikuwa ule wa kukagua daraja lenye ufa.

Alingoja hadi tulipokwisha kula mchana. Ndipo akaniuliza, bila ukali, ile miguu ya chati ilikuwa ya nani. Nikamwambia ya Swala. Akaiweka simu mezani. Kisha akasema, kama anayesoma maandishi madogo, kwamba basi kwa asubuhi arobaini hakujua mkewe yuko wapi. Nikasema hakujua. Akauliza nilikuwa wapi. Nikaona macho yake yamejaa, mtu ambaye sikumwona akilia hata kwenye mazishi ya mama yake. Nikamwambia kwamba goti langu lilikuwa linaniuma, niliona haya kumwambia, nikawa nalipumzisha kwa muuguzi.

Alinishika mkono. Alisema kosa ni lake, ameniachia mzigo peke yangu. Jumatatu alikwenda dukani akarudi na mkanda wa goti, viatu vyake vya kukimbilia vya rangi sawa na vyangu, na saa ya pili. Sasa tunazunguka pamoja. Kwenye simu yake kuna mistari miwili ya bluu sambamba, naye anapenda kuitazama jioni. Kwenye kila tuta hunishika kiwiko. Kamati imetusifu. Leo asubuhi Swala alitupita karibu na pampu, akatusalimu kwa heshima, hakupunguza mwendo.

Sasa nifike palipo pagumu. Dada, goti langu halijawahi kuuma hata siku moja.

Najua utakalowaza, nami nakujibu kabla hujaliwaza: hapakuwa na mwanamume. Nakaribia kutamani angekuwapo, maana jambo hilo lina jina na watu hulielewa. Nilikuwa nimekaa. Jikoni kwa Swala kuna kiti cha mbao kinachoelekea dirisha lililofungwa pazia. Nilikaa hapo dakika thelathini na nne kila siku, mikono mapajani, bila kusoma, bila kusali, bila kuwaza lolote la maana. Siku nyingine nilisinzia. Hakuna aliyejua nilipo ila mwenye nyumba, naye alikuwa mbali akihema kwa niaba yangu. Nilikuwa nikimsikia akirudi, nyayo zake kwenye changarawe, na moyo wangu unashuka kama wa mtoto anayesikia kengele ya kuingia darasani. Siku moja nilimwomba azunguke mara ya tatu. Alinitazama, hakuuliza, akaenda.

Ningemwambia shemeji yako nini? Kwamba kwa miaka thelathini na mitatu ya ndoa yetu, furaha yangu kubwa ilikuwa nusu saa ambayo hakujua niliko? Nilichagua uongo kwa sababu ukweli ungemuumiza, na uongo huo umenifunga kuliko saa.

Barua hii naiandika katika chumba cha kufulia, mashine ikizunguka, maana kwingine kote huniuliza ninaandika nini, na Swala ataipeleka posta. Sikuombi uongo, maana nimekwisha kuutumia wote wa familia. Usimwandikie kwamba unaumwa, wala kwamba kuna msiba. Mwandikie kwamba unanitaka nije kwako mwezi mzima, na usitoe sababu. Atajibu kwamba atanisindikiza. Hapo mwambie kwamba nyumba yako ina kitanda kimoja cha wageni, chembamba, kama ilivyo kweli tangu ulipompa kitindamimba wako kile kikubwa. Mimi nikifika, usiniulize asubuhi ninakwenda wapi. Huenda nisiende popote.

Nisalimie wajukuu wote, na yule mkaidi mwambie nakuja na rula. Jirani yako mshonaji mwambie ile sketi bado inanifaa. Shemeji yako anakusalimu sana; hajui kwamba ninaandika, lakini angejua angenituma salamu, nami sitaki kumnyima haki yake.

Nguo zimekwisha. Naisikia sauti yake akiuliza niko chumba gani.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Mwalimu.