Vidole vya Mama Nyokabi Havisomeki

Jumatano. Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi la Lanet limeingia hadi kwenye meno, na nimekasirika kiasi kwamba chai imepoa mezani bila kuguswa.

Nimechoka na vidole.

Ninasimamia usalama wa mzigo katika kampuni ndogo inayopakia maua ya waridi yanayosafirishwa kwa ndege. Sharti ni moja: kila anayegusa boksi lililo tayari kusafiri lazima awe na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Likiguswa na mtu mmoja asiye nacho, mzigo wote unahesabika haujalindwa. Unafunguliwa uwanja wa ndege, unapitishwa kwenye mashine upya, na maua hayana subira hiyo. Mkaguzi anakuja Ijumaa kuamua kama tutaendelea kuaminiwa.

Wafanyakazi wote wana vyeti. Mama Nyokabi hana.

Si kwamba ana kesi. Huyu ni mzee wa kanisa, anarudisha hata raba bendi akiikuta mfukoni. Shida ni kwamba ametoa miiba ya waridi kwa miaka kumi na tisa, na ncha za vidole vyake zimelika zikawa laini kama kijiko. Leo nimempeleka polisi mjini kuchukuliwa alama za vidole za cheti hicho kwa mara ya tatu.

"Mathe, hapa hakuna kitu," afisa akasema. "Mashine haioni."

"Jaribu hicho kidogo," Mama Nyokabi akamwambia. "Hicho huwa situmii sana."

Hata hicho hakikusomeka. Afisa akamshauri ajipake mafuta ya kukamulia ng'ombe na asiguse miiba wiki mbili. Wiki mbili! Nikauliza kama barua ya mwajiri inaweza kutosha. Akasema hayo ni ya mwajiri. Mwajiri naye, yaani mkurugenzi wetu, alishaniambia barua ni mambo ya polisi. Nikacheka vibaya mpaka watu wa foleni wakanigeukia.

Tukiwa njiani kurudi, mkurugenzi akapiga. Simu yangu husikika hadi kwa jirani.

"Mtoe kwa list. Hatuwezi poteza approval juu ya mtu mmoja."

Tukapita mtaa wa Free Area. Kisha Mama Nyokabi akauliza, "Kwa hivyo nikikosa alama, mimi ndio mwizi?"

Alama zangu zilikubali mara ya kwanza, bila shaka, kwa sababu kazi yangu ni kubonyeza kompyuta. Boksi la kwanza nililofunga hapa lilikuwa na waridi lililooza katikati, na ni yeye aliyelichomoa kabla mtu hajaniona.

Jioni hii nimesoma kanuni tena, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta namna ya kumtoa kwa heshima. Kumbe zinazungumzia boksi. Boksi lililofungwa na kuandikwa kuwa ni la ndege. Hakuna mahali zinapomkataza mtu kutoa miiba ya maua yaliyo bado kwenye ndoo. Ni sisi tunaofanya kila kitu chumba kimoja, meza moja, kwa kuwa ukuta ni usumbufu. Na mimi, msimamizi mzima, nimemzungusha mama wa watu mjini mara tatu kabla ya kufikiria ukuta.

Naona aibu.

Fundi wa mbao anasema anaweza kuusimamisha kesho Alhamisi, kwa siku moja, na mlango wenye kufuli. Meza ya kufungia ikae huku na maboksi, ndoo zikae kule na Mama Nyokabi. Nitamwambia mkurugenzi asubuhi, kabla hajaketi. Akikataa, basi Ijumaa asimame mlangoni yeye mwenyewe, amzuie Mama Nyokabi kwa mkono wake, na amwambie usoni kwamba yeye ni hatari kwa ndege.

Mimi sitamwambia.