Daftari la Bluu Nililolizika na Mume Wangu

Mpendwa Mama Safi, naomba unisaidie, maana nimemdanganya mtoto wa watu na sijui nitatokea wapi. Mume wangu, Célestin, alifundisha chuoni historia ya mawazo ya siasa, na jioni nikitwanga pondu, majani ya muhogo, alikuwa akinisomea kazi za wanafunzi, mimi niliyeishia darasa la sita, kisha ananiuliza, "Florentine, na wewe unaona je?", na jibu langu alilingoja kweli, kalamu juu ya sikio. Alipofariki mwezi wa tatu jamaa walisema tumwekee kitu alichokipenda, nami nikachukua daftari la bluu alilokuwa akiandika ndani yake mpaka hospitalini, nikaliweka jenezani chini ya mkono wake, nikaona nimefanya vema.

Baada ya wiki mbili akaja Lukumani, mwanafunzi wake, kwa pikipiki kutoka Banalia.

"Mama, pole sana. Ile cahier yangu ya bleu iko wapi? Papa alikuwa anaisahihisha."

Humo mlikuwa na kazi yake yote ya kumaliza masomo, iliyoandikwa kwa mkono, bila nakala, juu ya swali hili: mtawala akiwaficha watu ukweli kwa faida yao, bado wamtii? Célestin aliponiuliza hilo nilijibu, "Si faida yao, anawaogopa tu," akacheka, akayaandika maneno yangu pembeni. Nilimwambia Lukumani natafuta. Amerudi mara tatu, na mara ya mwisho nilifungua kabati mbele yake. Atatetea kazi hiyo mbele ya walimu mwezi wa saba. Sitaki kumvunja moyo, wala amkumbuke Célestin kwa hasara hii. Nifanyeje?

Florentine, Mangobo

Mama Florentine, pole. Kulizika daftari lilikuwa kosa la mapenzi, hakuna atakayekulaumu. Lakini kufungua kabati unalojua halina kitu, mama, hapo ulikosa, na kila wiki anayokungoja angekuwa ameandika kurasa.

Kaburi liache. Mpigie Lukumani leo, umwambie wazi: nililizika. Mwache akasirike, ana haki. Akitulia, anunue daftari jipya, nawe chukua pondu yako, mkae. Kazi hiyo ulisomewa. Mweleze mahali Célestin alipocheka na mahali alipokata mstari. Mengine atayakumbuka mwenyewe aliyeandika.

Unasema unamficha usimvunje moyo. Soma tena yale maneno yako ambayo mumeo aliyaandika pembeni. Mwambie Lukumani aanzie hapo.