Dirisha la Chumba cha Akoth

Jumatatu, 12 Mei 2025

Akoth anatoka hospitali Jumapili! Daktari mwenyewe amesema. Alizaliwa kabla ya wakati, mvua ikimwagika, na jina likaja na hiyo mvua. Sasa ananyonya mpaka anatoa jasho. Binti yangu huyo!

Kifua tu ndicho bado hakijakomaa. Sista Wakhisi wa wodi ya watoto ametuuliza mimi na mke wangu Caren: nyumbani kuna moshi? Kuna kuvu? Nimecheka. Nyumba ya Oyugi, fundi wa madirisha ya chuma, mtaa mzima wa Obunga unanijua — kuvu itoke wapi?

Chumba cha kulala kiko tayari zamani. Mama alipiga simu kutoka Usenge: ziba kila mwanya, upepo usimpige mjukuu wangu, na nguo zake zisianikwe nje watu wenye jicho baya wakaziona. Nikaziba. Nailoni, gundi, matambara kwenye pembe. Kazi safi, hata sisimizi hapiti! Kamba ya nguo nikaifunga humo humo ndani. Mimi nalala sebuleni, chumba kinamngoja mwenyewe.

Jumanne, 13 Mei

Nimesogeza kitanda nifagie. Ukuta mweusi! Kutoka sakafuni hadi magotini. Harufu ya gunia la dagaa wa omena lililonyeshewa.

Fundi wa madirisha nimeziba dirisha langu mwenyewe. Nguo mbichi za mtoto kutoka wodini kila siku, chumba hakipumui, na nje mvua — hayo maji yangeenda wapi? Nimeketi sakafuni. Kwanza aibu, halafu woga. Kile kifua kidogo kingekuja kulala hapa.

Absalom, jirani yangu fundi wa rangi, amekuja kuangalia. "Hiyo tunapiga rangi koti mbili, boss, kesho huoni kitu." Ama nichanganye jiki na asidi ya choo, eti inakufa mara moja. Nikampigia Sista Wakhisi. Nusura anipasue sikio! Rangi inaificha tu, itarudi. Na hizo dawa mbili zikikutana, mvuke wake utaniua mimi kabla ya kuvu. Sabuni na maji, madirisha wazi, barakoa, glavu. Nisiikwangue ikiwa kavu, vumbi lake ndilo linaloingia kifuani. Na Caren asiguse.

Jumatano, 14 Mei

Nimeng'oa nailoni. Imeniuma kidogo, ilikuwa imekaa vizuri sana.

Nimesugua tangu asubuhi. Mgongo! Godoro nalo lilikuwa limeota madoadoa upande wa chini. Nimempigia Caren hospitalini. Akauliza, "Si ni lile la harusi?" Ndilo. Halafu: "Tupa, Baba Akoth." Nimetupa. Ameniita Baba Akoth!

Nguo za mtoto nimezifua zote upya na kuzianika nje, juani, mbele ya majirani wa plot nzima. Mama mmoja akauliza ni za nani. Za binti yangu, nikasema, na sikusema polepole.

Ijumaa, 16 Mei

Jua siku tatu mfululizo. Asante Mungu.

Nimechomelea kidirisha kipya juu ya lile kubwa, na wavu wa mbu. Kinafunguka kwa juu, hewa inapita karibu na dari bila kushuka kitandani. Nimewatengenezea watu madirisha ya maghorofa huko Milimani, lakini hiki ndicho kazi yangu bora. Nimeweka kiganja ukutani: pakavu. Harufu hakuna. Nimeupiga ukuta picha nikamtumia Caren. Nani hutuma picha ya ukuta? Mimi!

Godoro jipya limefika. Kilichobaki ni kimoja: Mama anakuja Jumapili, na sijamwambia kuhusu dirisha.

Jumapili, 18 Mei

Wamefika! Akoth amelala chumbani na Caren. Mdogo, mzima, wangu.

Mama ameingia sebuleni na vigelegele na blanketi mbili nzito. Halafu akageuza uso kuelekea chumbani. Amesikia hewa. Kwetu mama haingii chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa, hata iweje, kwa hiyo amesimama mlangoni akachungulia.

"Oyugi. Nani amefungua dirisha?"

"Mimi, Mama."

"Si nilikuambia funga?"

"Nilifunga. Ukuta ukaoza."

"Na wewe nilikulea namna gani? Tuliacha dirisha gani wazi?"

"Ile nyumba ilikuwa ya nyasi, Mama. Juu ya ukuta palikuwa na mwanya pande zote. Ilipumua yenyewe."

Mama aliomba kiti. Amekiweka hapo hapo mlangoni, na amesema hatoki mpaka nifunge.

Naandika nikiwa mezani. Namsikia Akoth akipumua, laini, bila mluzi. Mama naye anamsikiliza, ameinamisha kichwa kabisa.

"Funga," amesema tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Dirisha nimeliacha wazi, nimemwongezea chai.